Nipo Wete, nataka kazi ya kusimamia seva za Linux: nianzie wapi?

MwanaWaWete
Assalamu alaykum wakubwa. Nimemaliza diploma ya IT, nipo nyumbani Wete. Windows naimudu, Linux nimeigusa chuoni tu. Laptop yangu ina RAM GB 8 na SSD GB 256, intaneti ni bando la simu. Nianze na Ubuntu, Debian au Rocky? Cheti kipi kwanza? Na kazi zenyewe huku visiwani zipo, au lazima nivuke Dar?

fundi_wa_darajani
Waalaykum salaam. La distro (aina ya Linux) usilipotezee wiki. Weka Debian, twende mbele.

Laptop iwe na Linux yenyewe, kisha juu yake KVM (programu ya kuendesha kompyuta ndani ya kompyuta) na mashine pepe mbili, kila moja RAM GB 1.5 na diski GB 20. Laptop hiyo inazibeba. Wakati wa kusakinisha toa alama kwenye desktop, bakisha SSH (njia ya kuingia kwenye seva kwa mbali) na zana za kawaida tu. Kuokoa bando, weka apt-cacher-ng kwenye laptop: programu ikishushwa na mashine ya kwanza, ya pili inaichukua hapo hapo bila kugusa intaneti.

Halafu chagua huduma moja uilee miezi mitatu. Mimi ningekupa Moodle, tovuti ya masomo ya mtandaoni, kwa sababu inakulazimisha kujua nginx (seva ya tovuti), PHP (lugha iliyoandikiwa), PostgreSQL (hifadhidata) na cron (ratiba ya kazi za kujiendesha) kwa mpigo. Angalia matoleo kabla hujashusha kitu: Debian 12 inakuja na PHP 8.2, Debian 13 inakuja na 8.4. Moodle 4.5 inaishia PHP 8.3, kwa hiyo ukiwa na Debian 13 chukua Moodle 5.0.

Utakwama kwenye max_input_vars, kikomo cha PHP cha idadi ya data zinazopokelewa kwa mara moja. Moodle inataka 5000, PHP inakuja na 1000. Wengi wanabadilisha, wanajaribu tena, kosa liko pale pale. Sababu ni kwamba php.ini (faili la mipangilio ya PHP) ziko mbili: ya fpm inayosomwa na tovuti, na ya cli inayosomwa na cron. Badilisha zote mbili, kisha uwashe upya php-fpm. Na moodledata, folda ya mafaili ya Moodle, ikae nje ya folda inayoonekana na nginx, la sivyo kazi za wanafunzi zitasomwa na kila mpita njia.

bi_terminali
Naongezea SSH, maana ndipo wageni wanapojifungia nje ya nyumba yao wenyewe.

Tengeneza ufunguo kwa `ssh-keygen -t ed25519`, upeleke kwa `ssh-copy-id`, ndipo uzime paswedi. Kabla ya kuwasha upya huduma piga `sshd -t`. Ikinyamaza, faili halina kosa la uandishi. Dirisha uliloingilia usilifunge mpaka umefungua la pili na limekubali.

Kuna mtego kwenye seva za kukodi: unaandika PasswordAuthentication no ndani ya sshd_config, na paswedi bado inapita. Tazama /etc/ssh/sshd_config.d/, mara nyingi kuna faili la cloud-init (programu inayoiandaa seva ya kukodi mara ya kwanza) limesema yes. SSH inashika thamani ya kwanza inayokutana nayo, na folda hiyo inasomwa mwanzo. `sshd -T` itakuonyesha kinachotumika kweli, si kile ulichoandika.

ufw, yaani ukuta wa moto (firewall), nayo: `ufw allow OpenSSH` kwanza, `ufw enable` baadaye. Na ukitumia Docker (inayoendesha programu ndani ya makontena), port inazozifungua zinapita pembeni ya ufw, usidhani umefunga.

maalim_cron
Waliotangulia wamesema kweli, ila anayekuajiri atakuuliza jambo moja: data ikipotea, unairudisha? Basi jizoeze bakapu (nakala za akiba) kabla ya mapambo mengine.

Usinakili folda ya PostgreSQL huku inafanya kazi. Utapata kitu nusu nusu. Tumia `pg_dump -Fc`. Hiyo haibebi watumiaji wa hifadhidata, kwa hiyo ongeza `pg_dumpall --globals-only`, vinginevyo siku ya kurejesha utaambiwa mmiliki wa jedwali hayupo. Kwa Moodle chukua vitu vitatu pamoja: hifadhidata, moodledata na config.php.

Sasa tazama mstari huu wa crontab:

`0 2 * * * pg_dump -Fc moodle > /srv/bakapu/m-$(date +%F).dump`

Ukiupiga kwa mkono unakwenda. Ndani ya cron haufanyi kitu, kwa sababu alama ya % huko maana yake ni mstari mpya. Amri inakatwa katikati. Andika `\%F`. Na kosa hulioni, kwa kuwa cron hutuma makosa kwa barua, na seva isiyo na programu ya barua inayatupa. Kwenye logi utakuta maneno "No MTA installed, discarding output" basi.

La pili: `pg_dump moodle | gzip > m.gz`. pg_dump ikifeli, gzip inamaliza salama na kukuachia faili la baiti 20. Mtu anaona faili jipya kila asubuhi, anaridhika. Andika skripti ya bash yenye `set -euo pipefail`, na kila Ijumaa rejesha bakapu kwenye mashine ya pili, uingie kwenye Moodle uone kozi zipo.

Saa pia: Africa/Zanzibar haimo kwenye orodha ya majira ya Linux, weka Africa/Dar_es_Salaam. Na ile 2 hapo juu ni saa nane ya usiku; ukiandika 8 bakapu itakwenda saa mbili asubuhi, watu ndio wanaingia kazini.

Jahazi64
Kazi zipo, ila tangazo halitasema "Linux". Wizara ya Afya Zanzibar inatumia DHIS2, mfumo wa takwimu za afya, na hiyo ni Tomcat (seva ya programu za Java) na PostgreSQL. Maktaba zenye Koha (programu ya kusimamia vitabu) zinahitaji mtu wa Debian. Mahoteli ya Nungwi na Paje yanataka mtu wa mtandao na Wi-Fi. Si kazi ya seva hasa, lakini ni mlango.

Cheti: LPIC-1, cha Linux kwa jumla, ni mitihani miwili, ya maswali, na inadumu miaka 5. RHCSA, cha kampuni ya Red Hat, ni ya vitendo, alama 300, kufaulu 210. Mimi naipa uzito RHCSA, kwani huwezi kuikariri. Wanaofeli wengi huduma yao haikuamka baada ya kuwasha upya: wamepiga start wakasahau enable (inayoiwasha huduma kila mashine inapoamka), au wamekosea fstab (orodha ya diski za kuunganishwa). Piga `findmnt --verify` na `mount -a` kabla ya kuizima mashine. Kujifunzia chukua Rocky au AlmaLinux, zinafanana na Linux ya Red Hat na ni bure.

MwanaWaWete
Ahsanteni sana, Mungu awalipe. Na kwenye CV niandike nini kama sijaajiriwa?

bi_terminali
Weka hiyo Moodle kwenye Ansible (zana ya kusakinisha seva kwa maandishi), mafaili yake yawe kwenye git (inayotunza historia ya mafaili), na ukurasa mmoja unaoeleza bakapu inavyorejeshwa na inachukua dakika ngapi. Paswedi isiingie humo. Ikiingia, kufuta faili hakutoshi, historia ya git inaibakisha. Ibadilishe paswedi yenyewe siku hiyo hiyo.