Panzanella yangu imegeuka uji, nimekosea wapi?

MvivuWaJiko
Wakuu, joto limenishinda, jiko sitaki hata kuliwasha. Jana nikajaribu panzanella, ile saladi ya mkate na nyanya ya Toscana, Italia. Nilisoma kwamba mkate unalowekwa kwanza, basi nikaloweka slesi za mkate laini dakika 20. Kuja kuukamua, umeninata vidoleni kama gundi. Tulikula, lakini kimyakimya.

KitunguuChekundu
Pole mkuu. Maji hayana kosa, mkate ndio umekuangusha. Wa Toscana hautiwi chumvi, una ganda gumu, na kwenye panzanella unatumika ule uliolala siku mbili tatu. Huo hata ukiulowesha na kuukamua unabaki mabonge. Slesi hazina mifupa.

Mimi maji nilishaacha. Nakata nyanya zilizoiva hasa, nusu kilo, nazinyunyizia kijiko kidogo cha chumvi na kuziacha robo saa. Chini ya bakuli unakuta mchuzi mwekundu umejikusanya wenyewe. Humo natia siki kidogo na mafuta ya zeituni bila ubahili, kisha mkate mkavu nilioumega kwa mkono. Kitunguu, tango, majani ya rihani, nusu saa, tayari. Saladi usiiweke kwenye friji, nyanya ya baridi haina harufu.

Salmorejo_tu
Na hizo slesi zilizobaki usizitupe. Tengeneza salmorejo, supu nzito ya nyanya isiyopikwa, ya Córdoba, Hispania: nyanya kilo 1, mkate gramu 200, punje moja ya kitunguu saumu, chumvi, saga kwenye blenda. Mafuta ya zeituni yamimine mwishoni, taratibu, mashine ikizunguka. Rangi itahama kutoka nyekundu kwenda chungwa, nao uzito uwe wa kijiko kupita na kuacha mfereji. Juu yai la kuchemsha. Wenyewe huongeza na nyama ya nguruwe iliyokaushwa, mimi hapana.

MvivuWaJiko
Nina na bulguri ile laini, ngano iliyopondwa, nusu pakiti. Ichemshwe?

KitunguuChekundu
La! Ilishachemshwa kabla ya kukaushwa na kupondwa. Iloweke kwenye mchuzi uleule wa nyanya na limau, ndiyo tabule. Ila ya Lebanon ni saladi ya majani: mafungu mawili ya paseli, mnanaa kiasi, bulguri vijiko vitatu tu. Na kisu kiwe kikali, butu hupondaponda majani yakachuja maji.

MvivuWaJiko
Vitatu? Mimi nimeshamwaga hiyo nusu pakiti yote kwenye bakuli.