Wauza wayaringi za pikapu za zamani, acheni kutuuzia "inaingia gari zote"

Wakuu, nina hasira na sitazificha. Muuzaji amegoma kupokea seti ya wayaringi (nyaya zote za umeme za gari) aliyoniuzia, eti boksi limeshafunguliwa. Sasa ningejuaje kilichomo bila kulifungua?

Gari ni Chevrolet C10 ya 1970. Wayaringi ya kiwandani imekwisha: maganda yamekauka, ukikunja waya linapasuka, shaba iko nje nyuma ya dashibodi. Kabla ya kulipa nilimwandikia kila kitu. Mwaka. Injini. Kwamba alteneta (mashine ya kuchaji betri) imebadilishwa, ni ya ampea 100 yenye regyuleta, yaani kidhibiti cha volti, ndani. Kwamba platini (swichi za zamani za kutoa cheche za injini) zimetolewa, sasa kuna distribyuta ya HEI, ya kielektroniki isiyo na platini. Akajibu kwa maneno mawili: "Inaingia tu."

Haiingii. C10 za hadi 1972 zilikuwa na regyuleta ya nje, iliyofungwa kando na alteneta. 1973 ndipo ikahamia ndani. Seti niliyoletewa ina plagi ya regyuleta ya nje, ile ile niliyosema sina. Kwenye koili ndiyo balaa zaidi. Enzi za platini kiwanda kiliweka waya wenye ukinzani kutoka swichi ya ufunguo, makusudi, ili injini ikishawaka koili ipate chini ya volti 12 na platini zisiungue. HEI inataka volti 12 kamili. Wao wameacha waya ule ule! Gari lingewaka, halafu likaanza kumisi barabarani, na fundi angehangaika na kabureta isiyo na kosa lolote.

Tangazo lao linajisifia idadi ya nyaya na idadi ya fyuzi. Unene hawautaji popote. Alteneta ya kawaida ya pikapu hizi ilikuwa ya ampea 37, kwa hiyo waya wa chaji wa wakati ule uliitosha. Ukifunga ya ampea 100 unahitaji geji 6 au nene zaidi (namba ikishuka, waya unanenepa), na kinga yake ilingane na waya huo. Mimi nimeletewa geji 12. Huo ni moto unaosubiri siku.

Nikauliza ganda ni la nini. PVC ya kawaida inavumilia joto la nyuzi 80 za Selsiasi hivi. Nyaya za aina ya GXL na TXL, zenye ganda la kustahimili joto, zinafika 125, na waya unaopita karibu na ekzosi unahitaji hizo. Jibu: "Ubora wa kiwandani." Hilo si jibu. Kiwanda chenyewe kilitumia maganda ambayo leo yanapasuka mkononi mwangu.

Nikachukua kisu nikakwangua ncha. Juu shaba, ndani nyeupe. Alumini iliyopakwa shaba, wakuu. Msichanganye na shaba iliyopakwa bati: hiyo ni nyeupe juu na nyekundu ndani, na ni nzuri. Hii ya alumini inapitisha umeme kwa takriban asilimia 60 tu ya shaba, na kwa mtikisiko wa lori inakatika kwenye maungio. Kwa hiyo hata geji 12 waliyonipa haifanyi kazi ya geji 12.

Na seti hiyo hiyo wanawauzia wenye Dodge za miaka ile! Dodge inapitisha mkondo wote wa chaji kwenye ampimita ya dashibodi, C10 ina nyaya mbili nyembamba tu za kupimia. Itaingiaje kote kote?

Nataka muuzaji aandike kwenye tangazo: geji ya kila waya, aina ya ganda, shaba au alumini, alteneta ipi, distribyuta ipi. Asiyeweza kuandika hayo asichukue hela ya mtu.

Aliyefunga seti kwenye C10 ya 1967 hadi 1972 yenye alteneta ya regyuleta ya ndani na HEI, aweke hapa picha ya ncha iliyokwanguliwa na maandishi yaliyo kwenye ganda. "Yangu ni nzuri" bila picha sitaki.