Naomba ushauri: mbwa anang'ata nondo za kizimba akiachwa peke yake (Uyole, Mbeya)

Wakuu, habari za baridi. Mbwa ni jike, miaka 2, kilo 24. Kizimba ni cha nondo za milimita 6, urefu sentimita 110, anasimama na kugeuka vizuri. Mlango ukiwa wazi anaingia mwenyewe, anakula na kulala humo. Hata ukifungwa, mtu akiwepo chumbani anatulia saa nzima.

Mtu wa mwisho akitoka na geti likilia tu, shughuli inaanza: anahema, mate yanachuruzika mpaka kifua kinalowa, anang'ata nondo. Chonge moja imeshavunjika. Mfupa wenye uboho haugusi mpaka mtu arudi, kwa hiyo hii ni hofu, si utundu.

Mazoezi yanayoendelea: kumwacha peke yake sekunde 30, dakika 1, 3, kisha kushuka hadi 2, na kurudi kabla hajaanza kuhema, simu ikimrekodi. Anakwama dakika ya 4.

Je, kizimba kiachwe kabisa, abaki stoo yenye sakafu ya saruji na dirisha la juu? Na kuna daktari wa mifugo hapa mjini anayeandika fluoksetini (dawa ya kupunguza wasiwasi)? Najua inachukua wiki kadhaa kufanya kazi. Ushauri wa fimbo na mnyororo, hapana jamani.