Mwanangu ana sikoseli. Dawa ipo tangu 1998, mbona kwetu bado ni ya kubahatisha?

Baba Nasra

Habari za usiku wakuu. Mimi ni dereva wa bajaji, naegesha Gongo la Mboto mwisho, hapa Dar. Binti yangu Nasra ana miaka sita, ana sikoseli, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Naomba msaada kuhusu dawa, na kuna jambo jingine limenikaa kooni muda mrefu.

Alipokuwa na miezi minane alivimba vidole vya mikono na miguu, vikawa kama ndizi sukari. Bibi yake akasema ni baridi, akamkanda kwa maji ya moto. Jirani akasema mtoto katupiwa kitu. Zahanati tukapewa dawa ya malaria mara tatu. Mara ya nne tukakutana na daktari kijana. Alimfunua macho akaona manjano, akambonyeza tumbo upande wa kushoto, kisha akauliza taratibu, "Kuna mtoto mwingine mliwahi kumpoteza?" Mimi nilinyamaza. Mama yake ndiye aliyejibu. Kaka yake Nasra alifariki akiwa na mwaka na nusu. Tuliandikiwa upungufu wa damu, tukazika, tukarudi nyumbani.

Sasa Nasra anatumia dawa ya sikoseli iitwayo haidroksiyurea. Zamani haukupita mwezi bila kulala wodini, lakini mwaka huu amelazwa mara moja tu. Shida ni kwamba kapsuli tunazopata ni za miligramu 500, na mtoto ana kilo 17. Kwa hiyo kila usiku mama yake anafungua kapsuli, anakoroga ule unga kwenye maji mililita 10, anavuta 7 kwa bomba la sindano, anampa. Zile 3 zinamwagwa. Kapsuli moja nainunua 1,000 duka la dawa, kwa sababu dirishani hospitali mara nyingi naambiwa imeisha. Hesabu ya bosi ni 20,000 kila siku, mvua inyeshe isinyeshe. Namwangalia mama Nasra akimwaga, roho inaniuma.

Jambo la pili. Mwishoni mwa 2023 Uingereza na Marekani waliidhinisha tiba ya kurekebisha vinasaba kwa ugonjwa huu. Kule Marekani bei yake ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja, zaidi ya shilingi bilioni 5. Hiyo sijaililia. Kilichonikosesha usingizi ni kujua kwamba hii haidroksiyurea anayokunywa mwanangu iliidhinishwa Marekani kwa wagonjwa wa sikoseli mwaka 1998. Mimi nilikuwa darasa la tatu! Na kupima watoto wachanga kwa tone la damu ya kisigino, majimbo yote ya kule yanafanya tangu 2006. Kwangu mimi, kipimo cha Nasra kilikuwa kifo cha kaka yake.

Wazazi wenzangu, dawa ikikatika mnafanyaje? Na nani anaamua ugonjwa upi usubiri?

DadaNesi

Pole sana baba Nasra, na pole kwa mwanao aliyetangulia. Nimefanya kazi wodi ya watoto miaka mingi, hilo swali la daktari nimelisikia likiulizwa mara nyingi mno.

Kwanza la haraka. Huo unga usiguswe kwa mikono mitupu wala kuvutwa puani. Mama avae glavu na barakoa, na akiwa mjamzito asifungue kabisa, fungua wewe. Mabaki msimwage jikoni, ulizeni hospitali mtupe wapi. Kipimo cha wingi wa damu msikiruke hata mtoto akiwa mzima, maana dawa hii inaweza kushusha chembe za damu. Halafu muulize daktari wake: Nasra anaweza kumeza kapsuli nzima? Wapo watoto wanaopangiwa nzima siku tano kwa wiki, siku mbili wanapumzika. Kwa kilo zake inakaribia dozi ileile, na hakuna kumwaga. Lakini apange daktari, usianze mwenyewe.

Kuhusu kuchelewa: kwa miaka mingi watu waliogopa kuwapa watoto wa huku, wakihofia malaria na maambukizi. Utafiti uliofanywa Angola, Kongo, Kenya na Uganda, majibu yake yakatoka 2019, ulionyesha kinyume: maumivu yalipungua, kuongezewa damu kulipungua, malaria yenyewe ilipungua, na vifo. Miaka ishirini na moja tangu hiyo 1998 kaka yangu, ndipo tukaambiwa kwa uhakika. Shirika la Afya Duniani linasema Afrika wanazaliwa watoto kama 1,000 kila siku wakiwa na sikoseli, na zaidi ya nusu hawafikishi miaka mitano. Wengi wanaondoka na jina la malaria au upungufu wa damu, kama mwanao.

Mama Wawili, Tabata

Sisi wazazi saba wa kliniki moja tunachanga, mmoja anakwenda Kariakoo kununua kopo zima kwa bei ya jumla, tunagawana. Mwenye kukwama mwezi huo anakopeshwa kapsuli, anarudisha kapsuli. Nitumie ujumbe, nafasi ya wa nane ipo.

Mzalendo Halisi

Poleni, ila tuambiane ukweli. Wazazi wangepima kabla ya kuoana haya yote yasingekuwepo. Tusiwasingizie wazungu.

Baba Nasra

Mzalendo, nimekusoma. Mimi na mama Nasra sote tumebeba nusu, yaani kinasaba kimoja tu cha sikoseli, hatuumwi chochote, na wakati tunaoana hakuna aliyetuambia kuna kitu cha kupima. Kila mimba ilikuwa na nafasi moja kati ya nne ya kuzaa mtoto mwenye sikoseli. Na hiyo nusu hatukuiokota njiani. Daktari Anthony Allison alieleza mwaka 1954, kwa damu za watu wa hapa hapa Afrika Mashariki, kwamba mwenye kubeba nusu anakingwa na malaria kali. Maana yake babu zangu walipona kwa hiyo. Damu yetu ilifaa kuueleza ugonjwa kwa dunia nzima, na mimi nilizika mtoto miaka zaidi ya sitini baadaye bila kujua ana nini. Simsingizii mtu. Nataka kila mtoto anayezaliwa, iwe hospitali ya Amana au zahanati ya Chanika, achomwe kisigino kabla hajatoka.

DadaNesi, asante sana dada yangu. Mama yake ana ujauzito wa miezi minne na hatukuwa tunajua kwamba hapaswi kufungua kapsuli. Leo nimefungua mimi. Kliniki ni Jumanne, nitauliza hilo la siku tano, na nitauliza huyu anayekuja tumpimishe wapi mara tu akizaliwa.

Mama Wawili, nimekutumia ujumbe.