Familia ya Tandika

Mama Neema: Shikamooni wakubwa. Neema kakosa alama kwenye sentensi hii: "The pilau smells nicely." Si ndiyo pilau inanukia vizuri? Kosa liko wapi?

Baba Mdogo: Nicely ndiyo vizuri. Arudishe daftari lisahihishwe upya.

Shangazi Rehema: Mwalimu yuko sahihi, ni "smells nice". Niko kwenye daladala, nikishuka naeleza.

Neema: Shikamoo shangazi. Lakini tulifundishwa kitenzi kinaelezwa na kielezi 😭

Shangazi Rehema: Marahaba mwanangu. Ni kweli, ila hapo smells si tendo. Pilau haina pua, hainusi kitu. Kitenzi hicho kinafanya kazi ya "ni" yetu, yaani kishirikishi. Weka is mahali pake: "The pilau is nice." Imekaa. Basi nice inasifia pilau, na pilau ni nomino. Nomino inataka kivumishi.

Shangazi Rehema: Kinachotuponza ni kwamba sisi tunasema inanukia VIZURI, kielezi, tunakihamisha vilevile. Halafu sisi tuna kunusa na kunukia, wao yote mawili ni smell. Kutazama na kuonekana, yote look. Ukiandika jiulize kwanza kwa Kiswahili ungetumia kipi.

Baba Mdogo: Ngoja. Konda kamtazama abiria kwa hasira?

Shangazi Rehema: "The conductor looked angrily at the passenger." Katazama, ni tendo. Ila akionekana tu amekasirika: "The conductor looked angry."

Baba Mdogo: Aaah! Angrily inasema katazamaje, angry inasema yukoje. Miaka yote hii sikuwahi kuelezwa hivi.

Mama Neema: Na kuonja?

Shangazi Rehema: Wewe unaonja mchuzi kwa uangalifu, "carefully". Mchuzi wenyewe "tastes salty".

Neema: Mbona tunasema "I feel well"? Well si kielezi?

Shangazi Rehema: Swali zuri sana hilo. Well ikihusu afya ni kivumishi, maana yake mzima. Ndiyo maana "I feel well" inakubalika, ila "the pilau smells well" hapana.

Neema: Najaribu. "Bibi sounded happy but she spoke softly."

Shangazi Rehema: Zote mbili umepata! ❤️ Sasa tunga za seem, become na remain, kesho nitumie picha ya daftari.

Bibi: Mimi nimeongea taratibu kwa sababu simu ilikuwa inaisha chaji. Neema, njoo ule.