Bede 10 zilizobadilisha dunia, na Kongo yote ni Tintin peke yake?!

Jambo yenu wote. Naandika nikiwa na hasira, anayetafuta maneno matamu apite uzi mwingine.

Jumamosi nilikwenda kwenye jumba moja la utamaduni hapa Lubumbashi. Jina silitaji, wenyewe wanajijua. Walikuwa na maonyesho: "Bede 10 zilizobadilisha dunia". (Kwa mlioko Dar na Mombasa, bede ndiyo hiyo mnayoita katuni au hadithi ya picha. Neno tumelichukua kwa Wafaransa na haturudishi.) Picha kubwa kumi ukutani, taa safi, juisi ya bure. Superman, Batman, Astérix, Maus, Akira na wenzao. Ya tatu kutoka mlangoni: Tintin au Congo. Chini yake, kwa herufi nene: "Kongo katika bede".

Basi. Kongo imekwisha hapo.

Nikanyoosha mkono. Kijana aliyekuwa akituzungusha ana adabu zake, sina ugomvi naye. Nikamuuliza, za kwetu ziko wapi? Akasema, "Papa, hapa tunaongelea zile zilizokuwa na mvuto duniani." Nikamwambia zipo. Akasema, "Unaweza kutuletea moja?" Watu wakacheka kidogo tu, kicheko cha puani. Kicheko hicho ndicho kilichoninyima usingizi.

Kwanza nimalizane na Tintin, maana najua kuna mtu ataniambia nina chuki. Nilimsoma utotoni, nikacheka, na Kifaransa changu nusu nimekipata kwake. Lakini tuseme mambo yalivyo. Hergé, Mbelgiji aliyemchora Tintin, alianza kuichapisha bede hiyo Brussels mwaka 1930, akiwa na miaka 23, ndani ya Le Petit Vingtième, toleo la watoto la gazeti la Kikatoliki lililoongozwa na padri Wallez, aliyetaka watoto wa Ubelgiji walipende koloni lao. Kongo hakuwa ameikanyaga. Katika chapa ya kwanza Tintin anasimama mbele ya wanafunzi weusi kuwafundisha habari za nchi yao, na nchi yao ni Ubelgiji! Mwaka 1946 akaichora upya kwa rangi, somo likageuzwa hesabu: mbili na mbili ni ngapi? Darasa zima kimya. Yaani walipoisafisha ndipo tukawa wajinga wa hesabu.

Ina mvuto? Ina, tena sana. Lakini juu ya nani? Ilimfundisha Mbelgiji namna ya kututazama. Ni bede yenye nguvu katika historia ya Ubelgiji, itundikwe kwenye ukuta wa Ubelgiji. Kuna Mkongomani mwenzetu, Bienvenu Mbutu Mondondo, aliyeipeleka mahakamani Brussels mwaka 2007 akitaka ipigwe marufuku, na mwaka 2012 akashindwa. Mimi sitaki ipigwe marufuku. Nataka tu isiitwe sisi.

Na kama ni mstari wa Hergé, ule mstari safi usio na kivuli, ndiyo, wachoraji wetu waliusoma. Barly Baruti, mzaliwa wa Kisangani 1959, alifika mpaka kwenye studio ya Hergé Brussels kujifunza. Lakini aliporudi hakutuchorea wale watu wa midomo kama matairi. Alichukua kalamu, macho akawaachia wenyewe. Mwaka 2014 akatoa Madame Livingstone pamoja na mwandishi Christophe Cassiau-Haurie, habari ya vita vya kwanza vya dunia kwenye ziwa Tanganyika na ile meli ya Wajerumani, Graf von Götzen. Watu wa Kigoma mnaijua, ndiyo hiyo hiyo Liemba yenu. Je, Baruti yuko ukutani? Hayuko.

Na wengine wa ukutani sigombani. Superman wa 1938 hana mpinzani, nani hapa hakufunga kitenge cha mama shingoni akaruka kutoka juu ya ukuta? (Kovu langu lipo gotini.) Maus nayo ni haki yake. Art Spiegelman alichora habari za baba yake aliyepitia Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi, Wayahudi wakawa panya na Wanazi paka, akapewa tuzo ya Pulitzer mwaka 1992. Tangu hapo aliyesema bede ni mchezo wa watoto alibaki peke yake. Nadhani bila kitabu kile isingekuwa rahisi kwa mtu kuthubutu kuchora Rwanda ya 1994. Na walithubutu. Stassen, Mbelgiji, alitoa Déogratias mwaka 2000. Halafu ikaja Rwanda 1994, na mkono ulioichora ni wa Pat Masioni, mtoto wa Kongo, ambaye baadaye alichorea hata DC, kampuni ya bede ya Marekani, sehemu za Unknown Soldier, hadithi inayopita kaskazini mwa Uganda. Wametundika Batman wa DC, Mkongomani aliyechorea DC hawamjui.

Sasa Kinshasa. Mwaka 1968 Achille Ngoie na Freddy Mulongo walianzisha gazeti la bede, Jeunes pour Jeunes, ambalo baadaye liliitwa Kake. Mle ndani mlikuwa na Apolosa, polisi, na Sinatra, kijana wa mjini, wakiongea hindubill, ile lugha ya mabarabara iliyochanganya kila kitu. Mnaelewa uzito wake? Lugha ambayo ukiiongea darasani unachapwa, hii hapa imechapishwa kwa wino, na mtoto ananunua kwa hela yake! Bede ya Shujaaz ya Kenya ilipokuja mwaka 2010 na Sheng yake watu wakashangilia kwamba ni jambo jipya. Ni zuri, lakini Kinshasa walikuwa wamepita njia hiyo miaka 42 kabla.

Na Papa Mfumu'Eto, wa Kinshasa pia. Huyo alikuwa akiandika, akichora na kuuza mwenyewe, vijitabu vya karatasi duni, kwa Lingala, mikononi mwa watu sokoni. Mwaka 1990, enzi ya Mobutu inaanza kuyumba, akatoa hadithi ya mtu mkubwa anayegeuka chatu, anammeza mwanamke, kisha anatapika noti. Hakuandika jina la mtu yeyote. Hakukuwa na haja. Mnajua leo makaratasi yake yako wapi? Chuo Kikuu cha Florida, Marekani, kwenye masanduku yenye namba. Kama vile michoro 101 ya historia ya Kongo aliyoipaka Tshibumba Kanda Matulu hapa hapa kwetu miaka ya 1973 na 1974 (siyo bede, najua, lakini picha moja baada ya nyingine zenye maandishi, niiteje?) ilivyoishia Amsterdam. Mgeni anaona thamani, anachukua. Nilikuwa nikikasirikia wageni kwa hilo. Tangu Jumatatu sina tena hakika nimkasirikie nani.

Maana Jumatatu nilikwenda kuchukua ushahidi wangu.

Baba mdogo alikuwa mfanyakazi wa Gécamines, kampuni ya migodi ya shaba. Kampuni ilikuwa na gazeti lake, Mwana Shaba, lililoanza mwaka 1957 bado ikiitwa Union Minière, na watoto nao wakapata lao, Mwana Shaba Junior, lenye bede ndani. Gazeti la kampuni, ndiyo, lilikuwa na mahubiri yake. Lakini mtaani kwetu Kamalondo hatukusoma mahubiri. Nakala moja ilipita nyumba hadi nyumba, anayejua kusoma anasoma kwa sauti, wengine tunagombania kuona picha. Baada ya wiki mbili haina jalada, baada ya mwezi haina mwisho, na mwisho kila mtu anautunga wake. Nina rafiki anayepaka mabango ya maduka mpaka leo, mkono wake ulianzia pale, akinakili kwa mkaa ukutani kwao. Baba mdogo peke yake ndiye aliyekuwa akificha zake chini ya kitanda. Alikuwa na mafungu manne, kayafunga kwa waya, pamoja na Alerte à Kamoto ya Pie Tshibanda, na Les Refoulés du Katanga, ile ya wakati Wakasai, watu wa asili ya Kasai, walipofukuzwa huku Katanga. Hiyo ya mwisho alikuwa akiiazima kwa mtu mmoja mmoja, usiku. Mke wake ni Mkasai.

Alipofariki, familia ilikaa, tukaamua mafungu yote tuyape maktaba moja ya mjini, yatunzwe, wengi wasome. Mimi ndiye niliyeyabeba. Nilipewa karatasi yenye muhuri.

Jumatatu natoa ile karatasi. Mtu wa dirishani anaisoma, anaigeuza, anasema: "Ile mabuku ya zamani balishaitosha, papa. Baliuzisha ku kilo." (Kwa mlioko Dar na Mombasa: walishayaondoa, wakayauza.)

Kwa kilo! Nikauliza nani aliamua. Hajui. Lini? Wakati wa kupaka rangi. Kwa nini hamkutuita? Simu yangu ipo pale kwenye karatasi! Akaniambia nafasi ilikuwa ndogo na "ile haikukuwa bitabu, ilikuwa bédé tu". Tu! Na nyuma yake, naapa, rafu nzima, jalada gumu, zinang'aa, hazijafunguliwa na mtu: Tintin, zote, msaada kutoka nje.

Hapo ndipo nilipoelewa ile orodha ya Jumamosi inavyotengenezwa. Bede isiyosomwa na mtu inabaki mpya, inahesabiwa, inatundikwa. Iliyosomwa na mtaa mzima inakwisha, na ikishakwisha wanakuuliza, unaweza kutuletea moja?

Nikazunguka soko siku mbili. Mama mmoja wa karanga akanikumbukia: ndiyo, alinunua makaratasi yale, kilo nyingi. "Baba, ilikuwa karatasi muzuri, haipitishake mafuta." Simlaumu hata kidogo, yeye alilipa hela yake. Akapekua mfuko, akanipa ukurasa mmoja uliobaki, nusu. Kuna mtoto anakimbia, mdomo wazi, na pale anaposema kuna doa la mafuta. Nilitaka kumlipa, akanifungia karanga ndani yake.

NYONGEZA: Anayesema hapo chini kwamba "siku hizi kila kitu kiko intaneti", nipe kiungo cha Mwana Shaba Junior kamili, toleo kwa toleo. Nangoja. Na anayesema niiache maktaba ina matatizo yake ya fedha, rangi ya ukuta waliipata wapi?

Nimalizie na hili. Yeyote aliye Likasi, Kolwezi, Kipushi au hapa mjini, mwenye Mwana Shaba Junior, Kake, Jeunes pour Jeunes au hizo mbili za Tshibanda, aniandikie faraghani. Nanunua, au nakuja kupiga picha kurasa na kukuachia. Usafiri ni juu yangu. Zisizo na jalada nachukua. Zilizofungiwa karanga pia nachukua. Maonyesho yanafungwa Jumamosi ijayo saa kumi, na kijana yule nimemwambia nitarudi.