Uzi wa gemu na michezo ya hadithi mezani: wana Tanga, tupeane uzoefu

Mleta uzi (Chumbageni)

Wana Tanga, na majirani zetu wa Muheza na Pangani, salaam. Uzi huu ni wa watu wanaocheza gemu pamoja, sebule moja, na hasa walioingia kwenye michezo ya mezani ya kusimulia na kurusha dadu. Semeni mlianzaje, mnacheza nini, na mnafanya nini kundi lisivunjike.

Naanza mimi. Kundi letu lilianza na mpira wa PlayStation: mshindi anabaki, aliyefungwa anampisha mwingine. Ubaya wa mtindo huo ni kwamba fundi anashika pedi usiku kucha na wengine wanabaki kutazama. Wasiojua wakaanza kupungua mmoja mmoja. Ndipo mwenzetu aliyerudi kutoka chuo Dar akaja na Dungeons & Dragons, mchezo uliotolewa Marekani mwaka 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson.

Kwa wasioujua: hakuna skrini. Mmoja ni msimuliaji, anaeleza mahali mlipo na kinachotokea. Waliobaki kila mtu ana mhusika wake kwenye karatasi: nguvu, wepesi, akili, vitu alivyobeba. Msimuliaji anauliza, "Mnafanya nini?" Unasema. Jambo likiwa na mashaka unarusha dadu ya pande 20, unajumlisha na uwezo wa mhusika wako, msimuliaji anapima na ugumu wa jambo lenyewe. Hakuna kumfunga mwenzako. Mnashinda wote au mnatimua mbio wote, na wiki inayofuata hadithi inaendelea pale ilipoishia.

Kilichotunasa ni pale msimuliaji wetu alipoachana na majumba ya wafalme wa Ulaya akatuletea Mapango ya Amboni, magofu ya Tongoni na bandari ya zamani. Kuna mvuvi mmoja wa kule Deep Sea, hapa hapa Tanga, mtu wa maneno machache, alikuwa anakuja tu kukaa na watu. Siku hiyo tukaambiwa ni mwezi wa saba, tunapanda jahazi kutoka Tanga kwenda Kilwa, upepo mwanana. Mvuvi akaweka kikombe cha kahawa chini.

"Mwezi wa saba kusi hiyo, upepo unatoka kusini. Itakusukumeni Mombasa. Kilwa mtapiga bisho, upepo usoni, mpaka mkome, na maji ya kunywa hayafiki."

Msimuliaji hakubisha. "Haya nahodha, tufanyeje?"

Akageuza karatasi ya mhusika wake, akachora pwani nzima kwa kalamu ya risasi, akaonyesha mdomo wa mto Pangani na fungu la mchanga pale mbele, akasema tuingie maji yakijaa, tujibanze humo mpaka upepo utulie. Usiku ule tulishughulika na hilo tu: nani anashika tanga la jahazi, nani anakumba maji, tunamwambia nini tajiri mwenye shehena. Hatukupigana na mtu. Kwangu mimi hakuna usiku uliowahi kuufikia ule, na mvuvi wetu tangu hapo hakosi.

Nasema kwa moyo mmoja: msimuliaji akijiona mpinzani wa wachezaji, kundi halifiki mbali. Kazi yake ni kuwapa watu nafasi ya kuonyesha wanachokijua.

Mzee wa Pedi (Ngamiani)

Ahsante mkuu kwa uzi. Mimi nina kibanda cha gemu barabara za huku ndani. Nilianza na PlayStation 2, ile iliyotoka mwaka 2000 na kuacha kutengenezwa 2013, na mpaka leo ninayo moja inafanya kazi. Vijana wanadhani mpira ni mashine mpya tu. Kuna watu wazima wanakuja kuomba ile ya zamani kwa sababu vidole vyao vimeizoea.

Kuhusu mshindi anabaki, umesema kweli, na mimi niliibadilisha. Jioni za Ijumaa nagawa watu wawili wawili upande mmoja, fundi na mwanafunzi. Fundi anapiga kelele, anaelekeza, anashika kichwa, lakini yule mwanafunzi wiki ijayo anarudi. Mteja aliyefungwa tisa bila harudi.

Sheria zangu nyingine: mwenye sare ya shule haingii muda wa masomo, na hakuna kuwekeana pesa. Hilo la pili nimegombana nalo sana na silegezi. Pesa ikiingia, urafiki wa miaka unaisha kwa goli moja la utata.

Pedi ikianza kwenda yenyewe pembeni, msikimbilie kununua mpya. Mara nyingi ni vumbi na jasho kwenye kile kijiti. Fungua, safisha kwa spiriti, acha ikauke kabisa ndipo ufunge.

Binti Makorora

Nashukuru uzi umefunguliwa, maana sisi wa kike huwa hatuulizwi. Kibandani sikuwahi kuingia. Si kwamba nilikatazwa, ila kila ukipita mlangoni macho yote yanakugeukia. Nilicheza nyumbani, pedi ya pili ya kaka yangu, na alikuwa hodari kweli wa kunifundisha.

Sasa mimi ndiye msimuliaji. Tuko wanawake watupu, na kwa kuwa wengine wana watoto wadogo na wengine wameolewa mbali, tunacheza kwa sauti za WhatsApp. Jioni narekodi kipande: "Mmefika kwenye kisima, kamba imekatwa, na kuna mtu analia chini." Kila mmoja anajibu akipata nafasi, mwingine anajibu huku unasikia sufuria inachemka. Dadu tunazipiga kwa video fupi ili pasiwe na maneno. Hadithi inatambaa polepole, lakini haijakatika.

Mama yangu alipoona nimechora jini alikasirika, akadhani tumeingia kwenye mambo. Sikubishana naye. Nilimwomba akae asikilize kipande kimoja. Alisikiliza chote, kisha akaniambia jini wangu anaongea upuuzi, jini wa kweli kwenye hadithi haombi dhahabu, anaomba ahadi. Nimeitumia hiyo na imebadilisha hadithi yetu nzima.

Kijana wa Duga

Wakuu, nina swali. Dadu za pande 20 hapa mjini sizioni. Je, nikitumia mbili za ludo itafaa?

Hesabu Kwanza

Mdogo wangu, mbili za ludo zitakuharibia mchezo. Ukirusha mbili kwa pamoja, 7 inatoka kwa njia 6 kati ya 36, wakati 12 ina njia 1 tu. Kwa hiyo matokeo yanajazana katikati, na ile raha ya kupata 20 siku umeshakata tamaa inapotea. Dadu ya pande 20 kila namba ina nafasi sawa. Chukua karatasi ndogo 20, ziandike namba, zikunje sawasawa, zitie ndani ya kofia. Ukishachomoa, rudisha na uchanganye upya. Au pakua programu ya dadu kwenye simu, ziko za bure. Kanuni za msingi za Dungeons & Dragons nazo zinapatikana bure mtandaoni, ila ziko kwa Kiingereza, kwa hiyo anayezisoma awafafanulie wenzake.

Mkaazi wa Amboni

Nimesoma yote na nimefurahi vijana kukaa pamoja. Nina ombi moja. Mapango yale watu wanatambika mpaka leo, mtaona wameacha vitu vyao ndani. Msiifanye mizimu ya watu kuwa maadui wa kukatwa mapanga kwenye mchezo. Tungeni yenu.

Mleta uzi (Chumbageni)

Mzee wangu, shikamoo. Neno lako tumelipokea. Kwetu mahali pa kutambikia tunapita kwa kuomba ruhusa, na popo na giza vinatutosha kwa vitisho. Tulikwenda wenyewe na mwongozaji kabla msimuliaji hajaandika chochote: mwanga ukizimwa mle huoni mkono wako ulio mbele ya uso. Niliporudi mezani nikaelewa kwa nini mhusika aliyebeba taa ndiye anayelindwa na wote.

Mtanga Muscat

Kundi langu la Raskazone lilitawanyika, mimi nikaja huku Oman, mmoja yuko Mwanza. Tunacheza kwa simu ya pamoja, saa zetu zinapishana moja tu, huku tuko mbele. Kilichotuokoa ni siku maalumu: Jumapili baada ya isha ya Tanga, awepo nani, asiwepo nani. Wakipatikana watatu, tunaendelea. Asiyekuwepo, mhusika wake "amelala kwenye mashua". Tulipokuwa tunasubiri watu wote wapatikane, miezi ilipita bila kurusha dadu. Ramadhani tunahamia baada ya tarawehe, na vipande vinakuwa vifupi.

Kijana wa Duga

Nashukuruni sana kaka zangu na dada. Karatasi nimeshakata. Niko na wenzangu wawili, na mmoja hapendi kusoma kabisa.

Binti Makorora

Huyo asiyependa kusoma usimpe kanuni. Mwandikie wewe mhusika wake, mwulize tu huyo mtu anaogopa nini na anamtafuta nani. Anza na hadithi ya usiku mmoja, iishe siku hiyo hiyo. Wakikuuliza "kesho vipi?", ndipo uandike ya pili.